Jiwe Jeusi Mara Mbili

Kambi ya utafiti, milimani
4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na cherehani nayo nzima, maana nyinyi wawili mnaugua pamoja na kupona pamoja. Mimi sijambo. Midomo imepasuka kwa baridi ya huku juu na suruali zimeanza kunipwaya, ila hilo usimfikishie Baba. Ataanza kumpigia Profesa simu kuuliza kama tunalishwa. Mama aliniambia goti la Baba limemsumbua tena. Mwambie nimesema atumie mkongojo. Najua hatautumia.

Ningekupigia, lakini huku mtandao unashika juu ya jabali moja tu, tena ukisimama kwa mguu mmoja. Na wewe tangu nakujua simu inakupa nusu ya maneno, nusu inabaki njiani. Kwa hiyo nimeshika kalamu.

Umeniuliza mara tatu nasomea nini hasa, na mara zote tatu nimekujibu ovyo. Leo nakujibu vizuri. Chukua kitambaa kirefu, kitandaze mezani kwako, halafu kisukume kutoka upande mmoja. Kitajikunja. Ukiendelea kusukuma, kipande kimoja kitapanda juu ya kingine na kulala hapo. Milima hii ilijengwa hivyo. Ardhi ilisukumwa kutoka upande, matabaka ya mwamba yakakatika mshazari, bamba moja likapanda juu ya mwenzake. Pale lilipokatika na kuteleza panaitwa ufa wa msukumo. Mimi nautafuta ufa huo bila kuchimba. Tuna lori lenye bamba zito tumboni linalotikisa ardhi, na vinasa-mtetemo mia nne tumevipanda kwa mstari kuvuka bonde zima. Mtikisiko unashuka, unagonga matabaka, unarudi. Kompyuta inachora kilichorudi. Ni kama kumgonga mtu mgongoni ukasikiliza kifua.

Sasa hasa kilichoniketisha kuandika. Serikali inataka kupitisha handaki la reli katika mlima huu. Wahandisi wanategemea mchoro wa zamani, wa miaka thelathini na moja iliyopita, uliotokana na shimo moja lililochorongwa hapa, linaitwa Kisima Namba Saba, kina chake mita kama mia tisa. Mchoro unaonyesha matabaka yamelala salama, hakuna ufa. Picha yangu inaonyesha kitu kimelala mshazari katikati, lakini hafifu, na Profesa anasema huenda ni makelele tu ya vyombo.

Nilimuuliza Baba kama si wewe uliyewahi kufanya kazi na kampuni ya uchorongaji zamani. Akasema ndiyo, kisha akaniuliza kama huku kunanyesha. Je, ulifika milima hii? Unakumbuka lolote kuhusu Kisima Namba Saba?

Mwanao,
Mchokonozi


Nyumbani
27 Februari

Mchokonozi,

Marahaba, mwanangu. Barua imefika na tope lake kwenye kona, nikajua kweli uko kazini. Mimi mzima. Cherehani ilikatika mkanda wiki iliyopita, kwa hiyo umebashiri. Baba yako mkongojo ameuegesha mlangoni, anausalimia asubuhi akitoka na jioni akirudi. Mama yako amechoka kumsema.

Hapa kazi ni nyingi. Nina sare za shule za kushona hadi mwisho wa mwezi, na nina mteja aliyeniletea vipimo vyake vya miaka minane iliyopita, akaapa kwamba hajabadilika. Nilimshonea kama alivyotaka. Jana amerudi na nguo mkononi, mimi nikajitia hamnazo.

Mfano wako wa kitambaa nimeuelewa. Nilikitandaza kweli na kukisukuma. Umesema vizuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni wewe. Watu wengi waliosoma hawawezi kueleza wanachokijua. Wewe unaweza. Nilimsomea fundi mwenzangu hapa dukani sehemu ile, na nikamwambia huyu ndiye niliyekuwa namchapa kwa kuchimba mashimo uani.

Kuhusu kampuni ya uchorongaji sina la kukuambia. Nilikaa pale miezi kumi na minne, nikaosha mawe, nikaacha. Kuosha mawe hakuna hadithi. Ni zamani mno, sikumbuki.

Na unapoandika ripoti yako usiandike mita mia tisa. Ni mia tisa na kumi na mbili. Mtu aliyesoma hakadirii.

Vaa soksi mbili.

Shangazi yako


Kambi ya utafiti
18 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Soksi nimevaa tatu. Mkanda wa cherehani pole. Huku tumemaliza mstari wa pili wa vinasa-mtetemo, na mpishi wa kambi amejiuzulu kwa hasira, kwa hiyo tunapika kwa zamu na zamu yangu hakuna anayeisubiri.

Mtu asiyekumbuka lolote hawezi kunisahihisha mita kumi na mbili.

Nilikwenda mjini, kwenye ghala la kumbukumbu za kampuni ile. Siku hizi ni mali ya wizara. Ni jengo refu la bati, ndani rafu hadi darini, na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya ndiye anayelitunza. Alinipangusia daftari la Kisima Namba Saba kwa kanga yake mwenyewe. Nikalifungua ukurasa wa kwanza, nikaketi sakafuni.

Shangazi, mimi napokea barua zako tangu nikiwa shule ya bweni. Saba yako ina kijiti cha kukatiza katikati. Herufi g yako inaning'inia kama ndoana. Daftari zima ni mkono wako.

Umeandika kila sanduku, kila kina. Jiwe la chokaa la kijivu kuanzia juu. Mita 338, jiwe jeusi la tope, na ndani yake utepe mweupe wa majivu ya volkano, upana wa vidole viwili, na chini yake shubiri moja, makombe madogo yaliyogeuka mawe. Kisha jiwe la mchanga mwekundu. Halafu mita 610, mwamba uliosagika. Halafu chokaa tena. Na mita 655 umeandika hivi: "Jiwe jeusi lilelile. Utepe uleule. Makombe yaleyale." Umepigia mstari mara mbili.

Juu ya ukurasa huo kuna kalamu nyekundu, mkono wa mwingine, imekata kila kitu kuanzia 610 kwenda chini na kuandika: KOSA LA KARANI. MASANDUKU YAMECHANGANYWA. PUUZA.

Unajua maana yake ulichoandika? Sindano ikidungwa penye kitambaa kilichopandiana, inapita kitambaa kilekile mara mbili. Ulikuwa umeuona ufa wa msukumo kwa macho yako, miaka thelathini na moja iliyopita, na mchoro unaotegemewa leo umetoka kwa aliyeukata.

Lakini nikimpelekea Profesa daftari, ataniambia karani alichanganya masanduku. Masanduku yenyewe kuanzia sitini kwenda juu yalitupwa. Nimeuliza mara tatu. Niambie kilichotokea.

Mchokonozi


Kambi ya utafiti
2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako wiki sita sasa. Nilimpigia Baba kutoka kwenye lile jabali. Akasema wewe ni mzima, unashona, na mimi niachane na jambo lile. Nikamuuliza kwa nini. Akasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Kama nimekuudhi, nisamehe. Sitauliza tena. Nakuandikia tu habari.

Nimetengeneza sanduku la kioo, urefu wa meza yako ya kukatia. Ndani nimepanga mchanga wa rangi kwa matabaka, kijivu, mweusi, mwekundu, halafu mota ndogo inasukuma ukuta mmoja polepole, kidole kimoja kwa saa. Dakika ya arobaini mchanga ulikatika mshazari, tabaka jekundu likapanda juu ya kijivu. Nilipodunga mrija katikati na kuuchomoa, ulikuwa na nyeusi mara mbili, kama ulivyoandika. Niliwaita wote waje kuona. Profesa alitazama muda mrefu, akasema, "Vizuri sana. Sasa nithibitishie kwamba mlima nao unajua hivyo."

Wahandisi wanakutana Agosti kupitisha njia ya handaki. Njia yao inapita moja kwa moja katika ule mwamba uliosagika, yaani ufa wenyewe. Ukiwa kama ulivyouandika, una maji ndani yake na unaweza kuporomoka, na watakaokuwa mbele na mitambo ni watu kama mia mbili.

Mwanao


Nyumbani
6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wote wazima. Mama yako amepaka sebule rangi ambayo hakuna anayeweza kuitaja jina. Mimi nilipata mafua, yamekwisha.

Hukuniudhi. Barua yako ya Machi niliisoma dukani, nikafunga duka saa nne asubuhi, na fundi mwenzangu akadhani kuna msiba. Nilianza kukujibu mara tano. Zote ziliishia kwenye "Marahaba."

Sasa sikiliza, nitasema mara moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza sekondari na vyeti vyangu safi, na hapakuwa na ada ya kuendelea. Kampuni ilitaka karani wa sampuli. Wanaume waliikataa kazi ile kwa sababu ni maji baridi mchana kutwa. Mimi nikaichukua. Mtambo ukitoboa, fimbo ya jiwe inapanda kutoka chini, nene kama mkono wako. Naipokea, naiosha, naipanga sandukuni kwa mpangilio wake, naandika kina. Nyingine nazipasua kwa msumeno wa mawe. Msumeno ule ndio ulionila masikio, usifikiri ni uzee. Wachorongaji waliniita Mama Masanduku. Nilikuwa najivunia jina hilo kuliko lile nililozaliwa nalo.

Kazi nilipenda. Jiwe likiwa kavu ni kama uso wa mtu aliyenuna. Ukilimwagia maji linakuambia kila kitu. Ndiyo sababu nilipoosha lile la mita 655 nililijua hapohapo. Nilikuwa nimelishika miezi miwili kabla. Nikaenda sanduku la thelathini na mbili, nikatoa la kwanza, nikayaweka bega kwa bega. Pacha.

Nikamwita bwana jiolojia. Alikuwa kijana, ametoka masomoni nje, na ripoti yake ilikuwa inadaiwa mwisho wa mwezi. Nikamwambia, "Bwana, tumerudi kwenye jiwe lilelile."

Akaniambia, "Dada, mawe hayarudi. Umechanganya masanduku."

Nikamwambia, "Sanduku la thelathini na mbili hili hapa, liko mahali pake. Hili ni la sitini na moja. Vipi nitachanganya kilichopo na kilichopo?"

Akacheka. Mbele ya watu. Akasema mtu wa kuosha mawe asimfundishe yeye mlima. Nikarudia. Siku ya pili nikarudia. Siku ya tatu nilikuta kalamu nyekundu kwenye daftari langu na barua ya kufukuzwa mezani, sababu: uzembe. Fomeni wa mtambo alijua ninasema kweli. Alitazama viatu vyake.

Nilikwenda nyumbani kwa kaka yangu, yaani baba yako. Nikamweleza. Aliniambia nirudi nikaombe radhi ili nisipoteze kazi. Nikamwambia naomba radhi ya nini. Akasema, "Ya ubishi." Hatukusemezana miaka miwili. Tulianza tena siku ulipozaliwa wewe, kwa sababu mtu lazima aulize mtoto ana kilo ngapi. Lakini jambo lenyewe hatujawahi kuligusa. Ndiyo maana simu yake inakatika.

Sasa kuhusu ushahidi wako. Unautafuta mahali usipo. Masanduku yanaweza kuchanganywa, sikatai, hata kama mimi sikuyachanganya. Lakini maji hayachanganywi. Mtambo ukitoboa, maji yanasukumwa chini kupoza kichwa chake na yanarudi juu na unga wa jiwe. Ukitoboa chokaa, yanarudi kama maziwa. Ukitoboa jiwe jeusi, yanarudi meusi. Mchorongaji aliyeko zamu huandika kila baada ya fimbo ya chuma ya mtambo kushuka: kina, rangi ya maji, kama maji yamepotea. Karatasi hizo hazikupita kwangu wala kwa bwana jiolojia. Zilikwenda kwa fundi mkuu wa mitambo, kwa sababu ndizo zilizokuwa na hesabu ya dizeli. Usitafute kwenye mawe. Tafuta kwenye gereji.

Nililisema hilo siku ile. Hakuna aliyekwenda kutazama.

Shangazi yako


Mjini
14 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Wote tu wazima.

Nilirudi ghalani. Nikamwambia yule mama wa miwani sitaki mawe, nataka matengenezo ya mitambo. Alinitazama kama nimepotea njia. Mafaili ya gereji yako chumba cha nyuma, chini ya matairi. Tulihamisha matairi sisi wawili. Faili la tisa. Karatasi za zamu, zote, zina mafuta na alama za vidole.

Mita 338: "maji meusi." Mita 371: "maji mekundu." Mita 610: "maji yamepotea yote, fimbo zimekwama, tumeziba kwa saruji siku mbili." Mita 618: "maji yamerudi, meupe." Na mita 655, mchorongaji wa zamu ya mchana, hati mbaya kabisa: "maji meusi TENA. Mama Masanduku alisema."

Nilisoma maneno hayo matatu ya mwisho nikamkumbatia mama wa miwani, mtu ambaye sijui hata jina lake.

Sasa ngoja nikueleze ilivyonisaidia, maana hukunipa ushahidi tu. Picha yangu ilikuwa hafifu kwa sababu mtikisiko unapita kila jiwe kwa mwendo wake, na mimi nilikuwa nakisia mwendo huo. Nikikosea mwendo, ufa unachorwa mahali pasipo pake, au unatawanyika kabisa. Kwa vina vyako nilijua hasa jiwe jekundu linaishia wapi na chokaa inaanzia wapi. Nikaziingiza namba zako kwenye kompyuta, nikaiacha ifanye hesabu siku nne. Asubuhi ya tano nilifungua picha. Ufa uko pale, Shangazi, mstari mmoja safi, unapanda kutoka chini ya bonde hadi karibu na kilele, na unakipita kisima chako mita 610. Si 600, si 620.

Profesa alivuta kiti akaketi mbele ya skrini. Alikunywa kikombe kizima cha chai. Kisha akauliza, "Nani alipanga sampuli hizi?"

Nikamwambia, "Shangazi yangu."

Akasema, "Alisomea wapi?"

Nikamwambia, "Kwenye beseni la maji baridi."

Wameahirisha mkutano. Watachoronga shimo jipya mita mia mbili kutoka la zamani ili kuhakiki. Nataka uje. Na nataka jina lako liwe kwenye ripoti, mbele ya langu.

Mchokonozi


Nyumbani
1 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima.

Sitakuja. Nina sare. Na jina langu usiliweke. Tumia namba, hizo ni za kwako sasa, lakini jina liache. Nimejenga maisha yangu hapa watu wakinijua kwa kushona, na sitaki kusimama tena mbele ya wanaume wenye kofia ngumu nikieleza kwamba sikuchanganya masanduku. Shimo likitoka tofauti, nitakuwa mzembe mara mbili.

Baba yako asiambiwe.

Mwambie karani wenu achore mshale kwenye kila fimbo ya jiwe, ncha itazame chini, kabla hajaiweka sandukuni. Wengi wanasahau.

Nakuombea.

Shangazi yako


Kambi ya utafiti
20 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za kontena la ofisi, na wenzangu wanapakia vifaa. Keshokutwa nasafiri kwenda kuusoma utafiti wetu kwenye mkutano wa wanajiolojia, mbali. Nimenunua viatu. Nitatembea navyo humu kambini leo ili visinitie aibu kule.

Shimo jipya lilifika mita 600 Jumatatu. Jumanne mchana, mita 604, maji yakapotea. Mchorongaji akazima mtambo akanitazama mimi, si mhandisi. Wakaziba kwa saruji. Ijumaa saa tano asubuhi tulikuwa wote uwanjani, wahandisi wa handaki, watu wa wizara, Profesa, na mzee mmoja mnene mwenye fimbo ya kutembelea, aliyeletwa kama mshauri wao. Sikumjua. Mita 649, maji yakatoka meusi.

Karani, binti wa umri wako wa wakati ule, aliipokea fimbo ya jiwe, akachora mshale, akaimwagia maji. Utepe mweupe, vidole viwili. Shubiri moja chini, makombe. Mhandisi mkuu alivua kofia yake, akajipangusa kichwa, akaivaa tena.

Yule mzee alisogea mbele. Alisema, "Wakati ule hatukuwa na vyombo."

Ndipo nikamjua: ndiye bwana jiolojia wa kalamu nyekundu. Shangazi, ulinikataza, na nilikuwa nimekusudia kukutii. Lakini Profesa aliniuliza mbele ya wote, "Nani alikuwa ameliona hili?" na ulimi wangu haukungoja ruhusa. Nikamwambia mzee, kwa heshima zote, "Mlikuwa na karani." Kisha nikataja jina lako lote, la kwako, la babu na la ukoo, mara mbili, mwandishi wa kumbukumbu aliandike vizuri. Mzee alishika fimbo yake kwa mikono yote miwili. Alisema, "Namkumbuka. Alikuwa mbishi." Akalitazama lile jiwe. "Nilipaswa kumsikiliza."

Handaki litahamishwa. Litapita juu, penye chokaa nzima, umbali wa kilomita moja na nusu, na watakapolazimika kuuvuka ufa, watauvuka mahali ulipo mwembamba, wakijua saa ya kuufikia. Limekwisha sainiwa.

Jina lako liko kwenye ripoti, mbele ya langu. Nakala moja nimekutumia wewe. Nyingine nimemtumia Baba. Nimekuvunjia maneno yako mawili kwa mpigo na sitaomba radhi. Nimerithi.

Mchokonozi


Nyumbani
15 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini barua itakukuta umerudi salama na viatu vimekuwa na adabu. Mama yako amekuhifadhia gazeti lenye picha yako. Umefumba macho, lakini ni wewe.

Nilikuwa na hasira nawe siku mbili. Ya tatu baba yako alikuja dukani. Alikuja na mkongojo, ndipo nikajua ni jambo kubwa. Ripoti ilikuwa kwapani. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akanipa kisogo nusu, akatazama nguo ukutani. Nilikuwa na shati kwenye sindano, nikaendelea kushona.

Akasema, "Nimeisoma yote. Sikuelewa nusu."

Nikasema, "Hata mimi kuna mahali."

Akasema, "Ukurasa wa kumi na nne nimeuelewa." Huo ndio wenye karatasi za zamu. Halafu akasema, "Nilikuambia ukaombe radhi. Ni mimi niliyekuwa nayo ya kuomba, na nimekaa nayo miaka thelathini na moja." Hakunitazama, na mimi sikusimamisha cherehani, kwa sababu tungelia wote wawili na kulikuwa na mteja mlangoni. Nilimwambia tu anishikie upande wa pili wa kitambaa. Akaushika hadi nikamaliza.

Wiki iliyofuata tulipanda basi mimi na yeye kuja huko kwenu. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa safarini, na kwa sababu kama ungekuwepo ungenionyesha kwa watu kama ng'ombe wa maonyesho. Nilitaka kuliona jiwe bila kelele.

Yule karani ni binti mzuri. Ana mikono iliyopasuka kama yangu ya wakati ule. Nimempelekea glavu nilizomshonea, zina kitambaa cha mpira ndani. Alinitolea sanduku lenyewe, akanipa kopo la maji, akasogea kando bila kuambiwa. Nililimwagia. Mwanangu, sikutegemea kwamba lingekuwa zuri vile. Makombe yale ni madogo kuliko kucha ya mtoto, na kila moja lina mistari yake. Baba yako aliinama akayatazama hadi goti likamkatalia. Aliniuliza, "Hili ndilo?" Nikamwambia hili ndilo. Akaniuliza tena nimweleze tangu mwanzo, nami nikamweleza, jinsi jiwe linavyopokelewa, jinsi linavyooshwa, jinsi mlima unavyojipanda wenyewe, na sikusahau hata tabaka moja. Wachorongaji wawili walisimama kusikiliza. Mmoja aliuliza swali na nikamjibu.

Sasa wewe. Nataka nikuambie hili kwa maandishi ulitunze. Mimi niliona jiwe mara mbili, basi. Wewe ndiye uliyesikia mlima mzima kutoka juu yake, ukauchora, ukaamini daftari la mtu aliyefutwa kwa kalamu nyekundu, ukahamisha matairi. Watu mia mbili watakwenda kazini katika handaki lile na kurudi makwao jioni, na hawatajua kwa nini. Mimi najua. Nimewaambia wateja wangu wote, na wale wasiouliza nimewaambia pia.

Tulipokuwa tunaondoka, mlinzi wa lango alituletea kitabu cha wageni. Safu ya kwanza jina, ya pili kazi. Miaka yote hii mahali hapo nimekuwa nikiandika "mshonaji" bila kufikiri. Safari hii nilisimama na kalamu mpaka mlinzi akaniuliza kama sioni vizuri. Nikaandika: karani wa sampuli, Kisima Namba Saba.

Baba yako alikuwa nyuma yangu. Alisoma mstari wangu, akachukua kalamu, na mahali pa kazi akaandika: kaka yake.

Shangazi yako